Tathmini: zana za kunyumbua subjunktivu ya imperfekti ya Kifaransa, kuanzia jedwali la karatasi hadi Verbiste

Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii: zana inayofaa kunyumbua kitenzi cha Kifaransa katika subjunktivu ya imperfekti (umbo la wakati uliopita la hali ya kutaka au kudhani jambo) ni ile inayokuonyesha passé simple, yaani wakati uliopita wa masimulizi ya maandishi, ya kitenzi hichohicho papo hapo, bila kufungua ukurasa mwingine. Zilizobaki, hata ziwe na rangi na sauti, zinakubebesha maumbo sita ya kukariri wakati moja lingetosha. Majedwali ya Kifaransa huuita wakati huu imparfait du subjonctif. Ndio ule wa qu'il fût, qu'elle eût, qu'ils vinssent, ambao mwanafunzi hukutana nao kwenye riwaya za karne ya 19 akadhani mpiga chapa amekosea.

Aina nne za zana zimepimwa hapa: kitabu cha majedwali, tovuti za kunyumbua, Verbiste inayoendeshwa kwa amri za terminali (dirisha la kompyuta la kuandikia amri), na programu za mazoezi za simu. Wingi wa vitenzi haukuhesabiwa kuwa sifa. Zana inaweza kujitapa kwa maelfu ya vitenzi na bado ikateleza kwenye haïr, na kitenzi hicho kimoja hukueleza mengi kuhusu namna ilivyotengenezwa.

Umbo moja linalozaa mengine

Chukua nafsi ya pili umoja ya passé simple: tu aimas, tu finis, tu reçus, tu vins. Ongeza -se mwishoni: aimasse, finisse, reçusse, vinsse. Hiyo tayari ni nafsi ya kwanza umoja. Nafsi ya pili huchukua -ses, na wingi wote watatu huchukua -sions, -siez, -sent. Inayokwenda njia yake ni nafsi ya tatu umoja tu: ile s huondoka, irabu ya mwisho huvikwa kofia (alama ^), kisha hufuata t. Qu'il aimât, qu'il finît, qu'il reçût, qu'il vînt.

Kwa nini nafsi ya pili, wala si ya kwanza? Sababu ni vitenzi vya -er, ambavyo ndivyo vingi kuliko vyote. Ukianza na j'aimai utapata "aimaisse", umbo lisilokuwepo. Ukianza na nous aimâmes utabeba kofia hadi mahali isipotakiwa. Ils aimèrent ndiyo inakupoteza kabisa. Tu aimas peke yake ina irabu sahihi pamoja na s. Kwa hiyo zana inayosema tu "chukua passé simple uongeze viishio" bila kutaja nafsi imemwachia mtumiaji mtego mlangoni, na hilo ni kosa la maelezo, si la mwanafunzi.

Irabu za kuangalia ni nne: a, i, u, na ile ya puani in. Vitenzi vyote vya -er ni a, hata aller yenye ukaidi kila mahali pengine: que j'allasse, qu'il allât. In ni ya venir, tenir na ukoo wao wote, yaani devenir, revenir, obtenir, soutenir na wenzao, basi. Tatizo liko kati ya i na u. Hapo hakuna kanuni ya kuegemea. Sharti uijue passé simple yenyewe.

Wengi hujaribu kukisia kwa kutazama participe passé (umbo linalofuata avoir au être, kama aimé), na kwa vitenzi kadhaa wanapatia: couru hutoa courusse, lu hutoa lusse, reçu hutoa reçusse. Halafu vu inatoa visse, vendu inatoa vendisse, vêtu inatoa vêtisse, venu inatoa vinsse, mort inatoa mourusse, na né inatoa naquisse. Zana inayofundisha njia hii ya mkato ivuliwe alama bila huruma.

Vitenzi vya kupimia

Kabla ya kulipia chochote, au kabla ya kuizoea tovuti fulani, pitisha ndani yake vitenzi vifuatavyo. Ni kazi ya dakika kumi. Majibu sahihi yako hapa, na kila kimoja kimechaguliwa kwa sababu kinavunja mahali pake.

Haïr ndicho cha kwanza. Jibu: que je haïsse, que tu haïsses, qu'il haït, que nous haïssions, que vous haïssiez, qu'ils haïssent. Nafsi ya tatu haina kofia, kwa kuwa i tayari ina nukta mbili juu, na herufi moja haivai vyote viwili. Matokeo yake, qu'il haït ya subjunktivu na il haït ya passé simple zinaandikwa sawasawa. Mashine iliyopewa kanuni ya "weka kofia" bila kizuizi itakuandikia "haît". Kitenzi hiki pia kinapima kitu cha pili: h yake huzuia kumeza irabu, kwa hiyo ni que je haïsse, wakati habiter ni que j'habitasse. Zana ikiandika "que j'haïsse" au "que je habitasse", ujue viwakilishi vyake vimebandikwa kwa kutazama herufi ya kwanza tu.

Traire, pamoja na distraire, extraire na soustraire, hazina passé simple katika matumizi ya kawaida, na kisichokuwepo hakiwezi kuzaa. Clore, paître na frire ni hivyohivyo. Jibu sahihi ni safu tupu, au kistari. Zana inayokupa "que je trayasse" kwa kujiamini imebuni, na ikibuni hapa itabuni na pengine. Safu tupu inaonekana kama upungufu, lakini katika kazi hii ndiyo dalili ya uaminifu.

Croire na croître zipimwe pamoja. Croire: crusse, crusses, crût, crussions. Croître: crûsse, crûsses, crût, crûssions, kofia kuanzia mwanzo hadi mwisho ili zisichanganyike. Zinagongana kwenye nafsi ya tatu umoja pekee. Ila accroître hairithi kofia hizo: accrusse, na kofia inarudi kwenye accrût tu, kama kitenzi kingine chochote.

Halafu familia ya voir, ambayo kwa macho ni moja. Voir ni visse, prévoir ni prévisse, lakini pourvoir ni pourvusse, qu'il pourvût. Zana inayopanga vitenzi kwa mwisho wake itatoa "pourvisse". Mtego wa aina hiyohiyo uko kwa vitenzi vya -oudre: coudre ni cousisse, moudre ni moulusse, résoudre ni résolusse. Vitatu vinafanana kwa umbo la msingi, na kila kimoja kimekwenda na mzizi wake.

Finir inapima kitu tofauti, uwazi wa mpangilio. Subjunktivu ya wakati uliopo ni finisse, finisses, finisse, finissions, finissiez, finissent. Ya imperfekti ni finisse, finisses, finît, finissions, finissiez, finissent. Tofauti ni neno moja kati ya sita. Zana nzuri inalipambanua neno hilo kwa rangi, kwa wino mzito, au kwa maelezo mafupi pembeni. Isipofanya hivyo, msomaji anayeziona safu mbili zinazofanana anadhani ukurasa umerudiwa kimakosa.

Kwa tahajia ya kawaida, manger na commencer zinatosha. Kwa kuwa kiishio huanza na a mahali pote, e ya manger haiondoki hata mara moja (mangeasse, mangeât, mangeassions) na mkia wa ç haudondoki (commençasse, commençât, commençassent). Appeler inabaki na l moja, lever haipati alama yoyote, céder inashikilia é yake. Kwa mara moja Kifaransa kimemwonea mtu huruma.

Mwisho jaribu jozi zinazotofautishwa na irabu moja. Peindre, kupaka rangi, ni peignisse. Peigner, kuchana nywele, ni peignasse. Fondre, kuyeyuka, ni fondisse. Fonder, kuasisi, ni fondasse. Moudre, kusaga, ni moulusse. Mouler, kusubu, ni moulasse. Mwandishi akisema qu'il fondât, hakuna barafu inayoyeyuka hapo.

Kitabu cha majedwali

Chombo cha zamani kuliko vyote, na kwa wakati huu mahususi bado kinashinda. Kinavyofanya kazi: nyuma kuna orodha ndefu ya vitenzi, kila kimoja na namba, namba inakupeleka kwenye jedwali la kitenzi cha mfano, unaondoa mzizi wa mfano na kuweka mzizi wako. Ukurasa mmoja unabeba nyakati zote, na hapo ndipo faida ilipo: passé simple na subjunktivu ya imperfekti zinaonekana kwa mtupo mmoja wa jicho.

Kitumie hivi. Tafuta kitenzi kwenye orodha ya nyuma, usikisie mfano kwa kutazama mwisho wake. Fungua jedwali, weka kadi juu ya safu ya subjunktivu yote. Soma tu + passé simple kwa sauti. Andika maumbo sita kwenye karatasi. Ondoa kadi, linganisha, na kwanza kabisa angalia mstari wa tatu. Vitenzi vinane kwa kikao kimoja vinatosha. Kuanzia hapo mkono unaandika wenyewe huku kichwa kimelala.

Kinachoharibika ni cha aina tatu. Kwanza, chapa ndogo. Eut na eût, fut na fût zinatofautiana kwa alama isiyozidi punje ya vumbi, na katika matoleo ya mfukoni alama hiyo humezwa na mstari wa juu. Fungua ukurasa wa être kabla ya kununua. Kama kofia ya fût haionekani kwa umbali wa kusoma kawaida, rudisha rafuni. Pili, maelezo ya chini ya ukurasa. Humo ndimo huandikwa kwamba kitenzi fulani hakina passé simple, na humo ndimo mtu haangalii.

Tatu, na hili hupoteza jioni nzima za watu: safu mbili zenye majina tofauti na maneno yaleyale. Plus-que-parfait du subjonctif ya aimer ni que j'eusse aimé. Conditionnel passé 2e forme ya aimer ni j'eusse aimé. Maumbo ni yaleyale, kilichobadilika ni kazi yake kwenye sentensi tu. Kitabu kinachoziweka kwenye safu mbili bila kusema neno kinamfanya mwanafunzi aamini kuna wakati mmoja zaidi wa kujifunza. Haupo. Ukijua eusse ya avoir na fusse ya être, umeshazipata zote mbili.

Alama: 4 kati ya 5. Moja imekatwa kwa sababu kitabu hakiwezi kutafutwa kinyumenyume. Ukikutana na naquît kwenye hadithi na hujui inatoka naître, orodha ya nyuma haikusaidii kitu.

Tovuti za kunyumbua

Tovuti ni rahisi kufikia, nazo ndizo zinazopotosha kwa urahisi uleule. Kuna tofauti kubwa kati ya tovuti yenye data iliyohakikiwa kitenzi kwa kitenzi na ile yenye kanuni zinazobuni kila zinachoulizwa, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kipimo chake ni hiki: andika kitenzi kisichokuwepo, tuseme "blapuner". Tovuti makini itasema hakipo, au itakuonya kwamba inakisia. Inayokupa "que nous blapunassions" bila kusita ni kiwanda cha viishio, na hata majibu yake sahihi yaliyobaki uyachukue kwa tahadhari.

Angalia pia utafutaji bila alama. Andika "hair" bila nukta mbili, au "naitre" bila kofia. Zana nzuri inakupeleka unakokusudia au inakuuliza. Hii ya naitre si uvivu wa mtumiaji: marekebisho ya tahajia ya 1990 yaliruhusu kuiondoa kofia ya i na u katika maneno mengi. Lakini marekebisho hayohayo yaliacha kofia ya viishio vya passé simple na ya subjunktivu ya imperfekti mahali pake. Tovuti inayokuambia kwamba tangu 1990 mtu anaweza kuandika "qu'il fut" kwa maana ya subjunktivu imeyasoma marekebisho nusu.

Kwa msomaji wa riwaya, utafutaji wa kinyume ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Ingiza umbo, upate kitenzi. Lipime kwa maneno yenye majibu zaidi ya moja. Plût lazima ilete plaire na pleuvoir. Crût lazima ilete croire na croître. Visse ilete voir na pia visser, kukaza skrubu. Finisse ilete kitenzi kimoja lakini nyakati mbili. Tovuti inayoleta jibu moja na kunyamaza imekuchagulia maana bila kukuambia.

Wiktionnaire, yaani Wikamusi ya Kifaransa, inastahili kutajwa kwa jambo moja ambalo kitabu hakina: majedwali yake yanaandika matamshi kwa alama za kifonetiki za kimataifa kando ya kila umbo. Ukitazama safu hizo unagundua kwamba fut na fût hutamkwa sawa, eut na eût sawa, finit na finît sawa. Sikio halitakuokoa. Hili ni suala la maandishi, na ndiyo maana imla za Kifaransa hulipenda sana. Kwa mabishano ya nani yuko sahihi, kamusi ya mtandaoni ya Académie française nayo ina majedwali ya vitenzi, na ni bora kuifungua hiyo kuliko kulinganisha tovuti tatu zilizonakiliana.

Kasoro ya kawaida ya tovuti ni kioo cha simu. Indicatif, yaani hali ya kueleza jambo lilivyo, inakaa juu, subjonctif inakuja chini baada ya kusogeza mara tano, na passé simple imeshapotea machoni. Geuza simu ilale, au fungua kurasa mbili sambamba kwenye kompyuta. Alama: 3 kwa zilizo bora, 1 kwa viwanda vya viishio.

Verbiste

Hii ni programu huria ya mifumo ya Linux, haina urembo wowote, na kwa mtu asiyeogopa terminali ndiyo yenye kasi kuliko zote. Kwenye Debian, mmojawapo wa mifumo hiyo, inasakinishwa kwa sudo apt install verbiste. Inafanya kazi bila intaneti. Amri ni mbili tu za maana.

Kunyumbua: french-conjugator --mode=subjunctive --tense=imperfect pourvoir. Majina ya hali na nyakati yako kwa Kiingereza, kwa hiyo usiandike subjonctif ukashangaa kukataliwa. Kwa passé simple ya kitenzi hicho: french-conjugator --mode=indicative --tense=past pourvoir. Ziendeshe mfululizo na umepata kile kilichosifiwa mwanzoni: mama na mtoto kwenye skrini moja.

Kinyume: french-deconjugator naquît. Inakutajia kitenzi, hali, wakati, nafsi na idadi. Kwa kuwa inataja kila uwezekano inaoujua, maneno yenye sura mbili hayafichwi.

Uzuri wake halisi unaonekana kwenye orodha. Andika kwenye terminali: for v in voir prévoir pourvoir; do french-conjugator --mode=subjunctive --tense=imperfect $v; done. Ndani ya sekunde moja vitenzi vitatu vimepangana, na tofauti ya i na u inajianika yenyewe. Mwalimu anayetayarisha zoezi la vitenzi thelathini hana haja ya kunakili chochote kwa mkono.

Yanayoharibika: terminali lazima itumie UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi zenye alama, vinginevyo ç na î zinageuka takataka, na kofia ikigeuka takataka somo lote limekwisha. Kibodi lazima iweze kuandika alama za Kifaransa. Nyakati za maneno mawili hazimo, kwa hiyo eût aimé utaijenga mwenyewe kwa kunyumbua avoir. Na maelezo hakuna. Inakupa umbo, haikuambii lini litumike. Ndani yake vitenzi vimepangwa kwa violezo, kila kitenzi kikielekezwa kwenye kiolezo chake, hivyo ukigundua kosa kwenye kimoja, angalia ndugu zake wote wa kiolezo hicho. Alama: 4, na kwa wasiotumia Linux, alama haina maana.

Programu za mazoezi za simu

Hapa hakuna mengi. Nyingi huishia kwenye subjunktivu ya wakati uliopo, na hiyo si dhambi kwa anayejifunza kuzungumza. Zinazoingiza imperfekti zipimwe kwa jambo moja: jibu "qu'il aimat" bila kofia. Ikikubali, ifute. Kupuuza alama ni sera nzuri kwa mtu anayejifunza kuagiza chai. Kwa wakati huu, kofia ndiyo inayotenganisha subjunktivu na passé simple katika finît, fût, eût, vînt na mamia ya vitenzi vingine.

Cha pili cha kuangalia ni kama inakuruhusu kuchagua nafsi. Programu inayogawa nafsi sita kwa usawa inakufanya utoe jasho kwa vous aimassiez, umbo ambalo unaweza kusoma vitabu kadhaa usiliguse. Zima zote, acha nafsi ya tatu, umoja na wingi. Anza na être na avoir, halafu faire, pouvoir, devoir, vouloir, savoir, venir, prendre, mettre, voir, dire. Yaani fût, eût, fît, pût, dût, voulût, sût, vînt, prît, mît, vît, dît. Kumi na mbili hizo zikikaa kichwani, kurasa nyingi zinafunguka. Alama: 2.

Nafsi ya kwanza na ya pili zina tatizo jingine ambalo hakuna programu itakayokueleza: Wafaransa wenyewe huzicheka. Que je susse, ya savoir, inasikika kama suce ya kunyonya. Que je pusse inasikika kama puce, kiroboto. Mwandishi mwenye masikio huzunguka kwa kutumia umbo la msingi au nomino, na msomaji anaponyimwa maumbo hayo vitabuni ajue si kwamba yamekosekana, yamekwepwa.

Ambacho jedwali halisemi

Zana zote nne hukupa umbo na kukuacha mlangoni. Kanuni ya vitabuni ni kwamba kishazi tegemezi kinachotaka subjunktivu huingia imperfekti pale kitenzi cha kishazi kikuu kinapokuwa katika wakati uliopita au hali ya masharti: il fallait qu'il vînt, je voudrais qu'il vînt. Mzungumzaji wa Kiswahili ataona jambo hili ni geni kuliko anavyotarajia. Sisi husema nataka aje, nilitaka aje, ningetaka aje, na ile -e ya mwisho haijali kitenzi kikuu kiko wakati gani. Kifaransa cha mazungumzo cha leo kimefika hapohapo: je voulais qu'il vienne. Silika ya Kiswahili inakupa Kifaransa sahihi cha leo. Ni Kifaransa cha riwaya ndicho kinachokudai vînt.

Sheria nayo ililegea zamani. Agizo la waziri la tarehe 26 Februari 1901 lilivumilia wakati uliopo mahali pa imperfekti baada ya hali ya masharti, na agizo la tarehe 28 Desemba 1976 likaruhusu katika mitihani j'avais souhaité qu'il vienne mahali pa qu'il vînt. Kwa hiyo mwanafunzi wa mtihani anahitaji kulitambua umbo, si kulizalisha, isipokuwa katika imla na tafsiri za fasihi. Ukurasa wa mtandao unaosema kwamba qu'il vienne hapo ni kosa umechelewa kwa miongo mingi.

Kuna maneno yaliyoganda ambayo bado yanaandikwa hata magazetini: fût-ce, ne fût-ce que, dût-il, plût au ciel que. Zana inayoyataja imefanya kazi ya ziada. Dussé-je, yaani hata kama itanibidi, iangaliwe kwa makini: e ya dusse hupata alama inapogeuzwa mbele ya je. Tahajia ya zamani ni dussé-je, ya 1990 ni dussè-je, zote mbili zinakubalika, na jedwali la kawaida halionyeshi hata moja.

Kisha mifano. Zana nyingi hubandika sentensi za mfano chini ya jedwali, na hapo kuna kipimo kimoja kinachofichua aliyeandika. Avant que hutaka subjunktivu: avant qu'il fût parti, kwa kofia. Après que haitaki: jambo limeshatokea, kwa hiyo ni indicatif, après qu'il fut parti, bila kofia. Watu wengi, Wafaransa wakiwemo, huweka kofia kwenye zote mbili kwa kuvutwa na ulinganifu. Tafuta "après qu'il fût" kwenye mifano ya zana unayotaka kuilipia. Ukiikuta, funga ukurasa.